Joto na vumbi: Jinsi ya kuokoa pampu ya maji kabla kiangazi hakijabisha hodi

MWEZI wa Januari unapoingia na mvua ya vuli kukatika, barabara za murramu za Nyatike, Karungu, Ndhiwa na Mbita hugeuka kuwa unga. Kila lori linalopita huacha nyuma wingu la vumbi ambalo hutua juu ya paa, juu ya nguo zilizoanikwa na, bila mwenye boma kutambua, juu ya pampu ya maji iliyo uani.

Huu ndio msimu ambao pampu hutumika zaidi, na ndio msimu ambao hukwama zaidi. Maji ya kisima yameshuka, mifugo ina kiu, majirani wanapiga foleni na chombo chenyewe kinafanya kazi tangu alfajiri hadi jua kuzama. Sehemu iliyokuwa imechakaa kidogo mwezi wa Novemba hukatika mwezi wa Februari.

Pampu inapokufa, familia haikai bila maji. Hurudi ziwani, mtoni au bwawani. Familia ya watu sita ambayo kila mmoja anatumia lita 20 kwa siku inahitaji lita 120, yaani mitungi sita ya lita 20. Kila mtungi una uzani wa kilo 20, na aghalabu mzigo huo huwaangukia akina mama na wasichana.

Hatari haiishii kwenye uchovu. Kichocho kimeenea katika fuo za Ziwa Victoria, na anayeteka maji kwa kuingia ziwani hadi magotini hujiweka katika njia ya minyoo yake. Aidha, mlipuko wa kipindupindu ulioanza nchini mwishoni mwa mwaka wa 2014 ulizikumba kaunti za Homa Bay na Migori mapema mwaka wa 2015. Maji yasiyo salama ni miongoni mwa njia kuu za ugonjwa huo.

Ajabu ni kwamba, mara nyingi, kinachoiangusha pampu ni kitu kidogo: kipande cha mpira, nati iliyolegea, kichujio kilichozibwa na vumbi au waya ulioguguna na panya. Wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye pampu, ufa huzibwa wakati wa mvua, si wakati wa kiu.

Mazingira yanayochosha chombo

Migori na Homa Bay, ambazo zamani zilikuwa chini ya Wilaya ya Nyanza Kusini, hazina hali moja ya hewa. Sehemu za juu kama vile Kasipul, Kabondo na Kuria hupata mvua ya kutosha. Ukanda wa ziwa, kuanzia Kendu Bay na mji wa Homa Bay kupitia Mbita na Gwassi hadi Karungu na Muhuru Bay, ni mkavu zaidi na joto la mchana hupanda hadi nyuzi 30 na zaidi.

Udongo nao una vituko vyake. Udongo mweusi wa mfinyanzi ulio katika Bonde la Lambwe na sehemu za Nyatike huvimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Mwendo huo hutikisa sakafu ya saruji iliyobeba pampu, na nyufa zikitokea maji machafu hurudi kisimani. Katika machimbo ya dhahabu ya Macalder, vumbi la mawe yanayosagwa huongezeka juu ya lile la barabara, na huko Awendo malori ya miwa hufanya kazi hiyo hiyo.

Vumbi huiharibu pampu kwa njia tatu. Kwanza, hujipenyeza kati ya vyuma vinavyosuguana na kuvisaga kama msasa. Pili, huziba njia za hewa na za maji. Tatu, hufunika sehemu zinazopaswa kupoa au kupokea mwanga wa jua.

Joto kwa upande wake hukausha mpira na ngozi, huifanya oili kuwa nyepesi na huchemsha mota ya umeme. Jua kali likipiga bomba la plastiki jeupe au la kijivu kwa miaka mingi, bomba hilo hukakamaa na kuvunjika kwa pigo dogo. Ndiyo maana bomba linalolazwa nje linafaa lifukiwe ardhini, au litumike lile jeusi la polithini ambalo hustahimili jua.

Pampu ya mkono: mpira mmoja, kiu ya wengi

Pampu za mkono si ngeni katika eneo hili. Mamlaka ya Ustawi wa Bonde la Ziwa, LBDA, iliundwa mwaka wa 1979, na katika miaka ya 1980 visima vingi vya Nyanza vilichimbwa chini ya mpango wake uliosaidiwa na serikali ya Uholanzi.

Aina inayojulikana sana ni Afridev, ambayo ilikuzwa hapa nchini. Majaribio yake makubwa yalifanyika Kwale, Pwani, katika miaka ya 1980, wakati Umoja wa Mataifa ulipotangaza mwongo wa maji safi wa 1981 hadi 1990. Wabunifu walitaka pampu ambayo wanakijiji wenyewe, wanawake wakiwamo, wangeweza kuifungua na kuitengeneza bila lori wala kreni. Kwa sababu hiyo, karibu kazi yote huhitaji spana moja tu, na vali ya chini huweza kuvutwa juu kwa kifaa maalumu bila kung'oa mabomba. Pampu hiyo huvuta maji kutoka kina cha hadi mita 45.

Sehemu zinazochakaa haraka ni mbili. Ya kwanza ni sili ya mpira iliyo kwenye pistoni, ambayo huzuia maji yasivuje yanapoinuliwa. Ya pili ni beringi za plastiki zilizo kwenye mkono wa pampu. Zote mbili zinafaa kubadilishwa mara moja kila mwaka hata kama pampu bado inatoa maji. Beringi iliyokwisha huachwa ikisaga chuma kinachoishikilia, na chuma hicho ni ghali kuliko beringi kumi.

Beringi hizo za plastiki hazihitaji grisi. Kosa la kawaida ni kuzipaka ili zinyamaze kelele. Grisi hunasa vumbi, na mchanganyiko wa grisi na vumbi huwa msasa mkali kuliko vumbi peke yake. Kelele ni lugha ya pampu: inamwambia mwenyewe kuwa beringi zimekwisha au bolti zimelegea.

Mwenye pampu anaweza kuipima bila kuifungua. Kipimo cha kwanza ni cha uvujaji. Pampu hupigwa hadi maji yatoke, kisha huachwa kwa nusu saa bila kuguswa. Inapopigwa tena, maji yakichelewa zaidi ya mapigo matano, vali ya chini au bomba linavuja.

Kipimo cha pili ni cha wingi wa maji. Pampu hupigwa mapigo 40 kamili kwa muda wa dakika moja, na maji hukingwa katika ndoo. Yakiwa chini ya lita 10, sili imechoka au kisima kimepungukiwa. Vipimo hivi viwili vikifanywa kila mwezi na kuandikwa katika daftari, mabadiliko huonekana mapema kabla ya maji kukatika kabisa.

Baadhi ya visima vina pampu ya India Mark II, ambayo mabomba yake ni ya chuma kilichopakwa zinki. Hii ina mnyororo na beringi za chuma ambazo, kinyume na Afridev, zinahitaji grisi. Kabla ya kuipaka, grisi kuukuu na vumbi vifutwe kwa kitambaa hadi chuma kionekane. Endapo maji ya asubuhi yanatoka na rangi ya kutu kisha kusafishika baada ya mapigo mengi, huenda mabomba yanaliwa na maji yenye asidi na fundi anapaswa kuitwa kabla hayajatoboka.

Pampu ya kukanyaga na kikomo cha hewa

Wakulima wa mboga kandokando ya Mto Kuja na ufuoni mwa ziwa wanaifahamu vyema pampu ya kukanyaga kwa miguu. Shirika la ApproTEC, ambalo lilianzishwa nchini mwaka wa 1991 na Nick Moon pamoja na Martin Fisher na ambalo baadaye lilibadilisha jina kuwa KickStart, lilileta pampu ya MoneyMaker mwaka wa 1996. Tangu wakati huo pampu za namna hiyo zimetumika kumwagilia sukumawiki na nyanya, na pia kujaza matangi ya nyumbani.

Wengi huilaumu pampu hii kwa kosa ambalo si lake. Pampu inayokaa juu ya ardhi na kufyonza maji kutoka chini haivuti maji kwa nguvu zake peke yake. Inachofanya ni kuondoa hewa ndani ya bomba, kisha uzito wa hewa ya nje husukuma maji juu. Kwa hivyo kuna kikomo ambacho hakuna fundi anayeweza kukivuka.

Huko Mombasa, kwenye usawa wa bahari, kikomo hicho kwa hesabu ni mita 10.3 hivi. Ziwa Victoria liko karibu mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi zaidi, na hesabu hushuka hadi kama mita 9. Ukitoa msuguano wa maji ndani ya bomba na uvujaji mdogo usioepukika, kinachobaki kwa kazi halisi ni mita 6 hadi 7. Katika vilima vya Kuria kiasi hicho hupungua zaidi.

Maana yake ni kwamba pampu iliyotoa maji bila shida mwezi wa Mei, maji yakiwa mita 5 kutoka juu, inaweza kukauka mwezi wa Februari maji yakishuka hadi mita 8, ilhali haina ugonjwa wowote. Dawa yake si kubadilisha mipira. Ni kuishusha pampu karibu na maji, kwa mfano kwenye ngazi iliyochimbwa kandokando ya mto, au kutumia pampu ya aina nyingine.

Kabla ya kuilaumu pampu, basi, mwenyewe apime kina cha maji kwa kamba yenye jiwe. Ikiwa maji yako karibu na bado hayapandi, achunguze bomba la kufyonza. Tundu dogo kama la sindano huingiza hewa bila kutoa hata tone la maji nje, na hivyo ni vigumu kuliona. Viungo vyote vikazwe na kufungwa kwa utepe wa mafundi wa mabomba.

Vikombe vya mpira au ngozi vilivyo ndani ya mitungi ya pampu hukauka na kusinyaa pampu ikiachwa juani. Baada ya kazi, ihifadhiwe kivulini. Vikombe vikikauka, vipakwe mafuta ya kupikia na kulowekwa kabla ya kutumika. Mafuta ya injini hayafai kwa sababu huvimbisha na kuozesha mpira wa kawaida, na pia huchafua maji ya kunywa. Mwisho wa bomba lililo majini ufungwe chujio na kuning'inizwa juu ya matope, si kulazwa chini.

Injini ya petroli: pafu lake ni kichujio

Pale ambapo shamba ni kubwa au tangi liko mlimani, familia nyingi hutegemea pampu ya petroli. Injini hiyo huvuta hewa nyingi mno kila dakika, na katika vumbi la Januari hewa hiyo ni mchanga mtupu. Kinachosimama kati ya mchanga na pistoni ni kichujio cha hewa.

Kwa kawaida watengenezaji wa injini ndogo za namna hii hushauri kichujio kisafishwe kila baada ya saa 50 za kazi, na mara nyingi zaidi penye vumbi. Kwa mtu wa Nyatike au Mbita wakati wa kiangazi, ni busara kukikagua kila siku ya kazi. Kichujio cha sponji huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, hukaushwa kivulini, huchovywa katika oili safi kidogo na kukamuliwa. Kile cha karatasi hakioshwi. Hupigwapigwa taratibu ili vumbi lidondoke, na kikichakaa hubadilishwa. Kuendesha injini bila kichujio ili ipate nguvu ni kuichimbia kaburi.

Oili hubadilishwa baada ya saa 20 za kwanza injini ikiwa mpya, kisha kila baada ya saa 100 au miezi sita. Kiwango chake hukaguliwa kila asubuhi injini ikiwa baridi na imesimama mahali tambarare. Mapezi ya chuma yanayopoza injini yasafishwe kwa brashi kavu, maana yakizibwa na vumbi na majani makavu, joto hukosa pa kutokea.

Petroli nayo ichujwe kwa kitambaa safi inapomiminwa, hasa ile inayouzwa kwa chupa vijijini. Pampu ikikaa mwezi mzima bila kazi, petroli imalizwe ndani ya kabureta ili isigande na kuacha utando. Hatimaye, injini ya petroli isishushwe kamwe ndani ya kisima ili ikaribie maji. Moshi wake una gesi isiyo na harufu ambayo huua mtu kwa dakika chache.

Pampu ya umeme na adui asiyeonekana

Kuenea kwa umeme vijijini kumeleta pampu za mota, zile zinazokaa juu ya ardhi na zile zinazozamishwa kisimani. Mota ya pampu hufa kwa joto, na joto hilo hutoka pande tatu.

La kwanza ni la umeme hafifu. Volteji ya kawaida nyumbani ni 240, na mota nyingi hustahimili tofauti ya asilimia 10 hivi, yaani kati ya 216 na 264. Katika ncha za nyaya ndefu za mashambani, hasa jioni, umeme unaweza kushuka chini ya hapo. Mota hulazimika kuvuta mkondo mkubwa zaidi ili ifanye kazi ile ile, na nyaya zake za ndani huungua polepole. Kanuni inayokubalika miongoni mwa wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazozidi kiwango hupunguza kwa nusu maisha ya ngozi ya nyaya hizo. Kifaa cha kulinda volteji, kinachokata umeme unaposhuka au kupanda mno, ni rahisi kuliko kusuka mota upya.

La pili ni la pampu kuzunguka bila maji. Maji ndiyo yanayopoza na kulainisha sili iliyo kwenye mhimili. Pampu ikizunguka ikiwa kavu, sili huungua kwa dakika chache. Swichi ya kuelea, au vipimo vya waya vinavyohisi maji, huizima pampu kisima kinapopungua.

La tatu ni la vumbi na kukosa hewa. Watu wengine huifunika pampu kwa gunia au nailoni ili kuikinga, na hivyo huizuia kupumua. Inachohitaji ni kibanda kidogo chenye paa, kivuli na matundu ya hewa pande mbili, kikiwa na wavu wa kuzuia panya na mijusi. Vumbi lililo kwenye feni na mapezi ya mota lipulizwe au lipigwe brashi kila juma wakati wa kiangazi, umeme ukiwa umezimwa.

Pampu ya kuzamishwa hupozwa na maji yanayopita ubavuni mwake. Ikizikwa katika mchanga wa chini ya kisima, hukosa kupoa hata kama imezungukwa na maji. Iwekwe mita kadhaa juu ya sakafu ya kisima, na maji yakianza kutoka na mchanga, izimwe na kisima kisafishwe.

Paneli za jua: jua jingi si umeme mwingi

Pampu za sola zimepata umaarufu kwa kuwa hazidai petroli wala bili. Hata hivyo, haziko huru kutokana na joto na vumbi.

Paneli hutoa umeme kwa mwanga, si kwa joto. Paneli za kawaida hupoteza kama asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja ya joto juu ya nyuzi 25. Paneli iliyofika nyuzi 60 saa saba mchana, jambo ambalo si geni, hupoteza karibu asilimia 14. Ikiwekwa juu ya mabati bila nafasi ya hewa chini yake, hali huwa mbaya zaidi. Nafasi ya kiganja kimoja au zaidi kati ya paneli na paa husaidia upepo wa ziwa kuipoza.

Kwa kuwa kaunti hizi ziko karibu kabisa na Ikweta, wengine hulaza paneli bapa. Paneli iliyolazwa hivyo hukusanya vumbi na kinyesi cha ndege, na mvua huacha tope kwenye kingo zake. Mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 huruhusu mvua kuisafisha bila kupoteza mwanga mwingi.

Wakati wa kiangazi, paneli zioshwe mara moja kwa juma, alfajiri zikiwa baridi, kwa maji safi na kitambaa laini au sponji. Maji baridi yakimwagwa juu ya kioo chenye moto yanaweza kukipasua. Sabuni ya unga, mchanga na brashi ya chuma hukwaruza kioo, na mkwaruzo huo haufutiki.

Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Mawingu yakitanda, paneli na pampu zitenganishwe kwa swichi, na fremu za chuma ziunganishwe na waya wa ardhini. Radi moja inaweza kuiua pampu ambayo vumbi la miaka kumi halikuiweza.

Usafi baada ya ukarabati

Kila pampu inapofunguliwa, mikono, kamba na mabomba yaliyolazwa chini huingiza vijidudu kisimani. Kazi haijaisha maji yanapotoka. Imeisha kisima kinapotiwa dawa.

Kwa dawa ya klorini ya nyumbani yenye nguvu ya asilimia 3.5, kiasi cha lita moja na nusu hutosha kwa kila lita 1,000 za maji yaliyo kisimani. Kisima cha duara chenye upana wa mita 1.2 kina takriban lita 1,130 katika kila mita moja ya kina cha maji. Dawa humiminwa, pampu hupigwa hadi harufu yake isikike mdomoni mwa bomba, kisha kisima huachwa kwa saa 12. Baada ya hapo maji humwagwa, mbali na bwawa la samaki na bustani, hadi harufu iishe.

Sakafu ya saruji nayo ikaguliwe. Ufa uzibwe, mtaro wa maji machafu usafishwe na uzio utengenezwe ili ng'ombe na mbuzi wasikanyage mahali pa kuteka. Choo cha shimo kiwe umbali wa angalau mita 30, upande wa chini wa mteremko.

Kalenda na mfuko

Ukanda huu una vipindi viwili vya ukavu: kile cha Januari na Februari, na kile cha katikati ya mwaka baada ya mvua ya masika inayonyesha kati ya Machi na Mei. Kwa hivyo miezi ya kufungua pampu ni Novemba au mapema Desemba, na tena mwezi wa Mei.

Wakati huo familia huwa na maji ya mvua yaliyokingwa kutoka kwenye paa, na pampu inaweza kulala siku mbili tatu ikiwa imefunguliwa bila mtu kuteseka. Fundi hana foleni, vipuri havijapanda bei na hakuna vumbi la kuingia ndani ya chombo kilichofunguliwa. Kazi ile ile ikifanywa Februari hugharimu pesa zaidi, na muda wote pampu inapongojea fundi, watoto wako ziwani.

Linalobaki ni fedha. Pampu ya familia au ya kikundi inahitaji mfuko wake, uwe ni kibuyu cha nyumbani, akaunti ya chama au M-Pesa. Kiasi kidogo kikitengwa kila mwezi, sili, beringi, kichujio na oili hununuliwa mapema na kuwekwa ndani ya kopo lililofungwa, kivulini, yakiandamana na spana na daftari la vipimo.

Funzo limekwisha kuonekana kwingineko nchini. Huko Kitui, watafiti walipofunga vifaa vya simu kwenye pampu za mkono mwaka wa 2013 ili mafundi wapate habari mara moja inapoharibika, muda wa kukaa bila maji ulishuka kutoka wastani wa siku 27 hadi chini ya siku tatu. Pampu zilikuwa ni zile zile na wateja ni wale wale. Kilichobadilika ni kwamba kulikuwa na mtu wa kuitikia mapema, na baadaye jamii zikaanza kulipa ada ndogo ya kila mwezi ili huduma hiyo idumu.

Boma la Rusinga au la Muhuru Bay halihitaji kungoja mtambo wa namna hiyo. Ndoo moja, saa ya mkononi na mapigo 40 kila mwezi vinatosha kueleza hali ya pampu. Atakayesikiliza mwezi wa Novemba hatahitaji kutafuta fundi Februari, mtungi ukiwa mtupu na vumbi likiwa njiani.